Kamera ya Kwanza: Kweli na Uongo wa Dukani

Ukianza tu kuulizia DSLR, Kariakoo au Luthuli Avenue, washauri hukosi. Muuza duka ana lake, shemeji anayepiga picha za harusi ana lake, na kijana wa studio ya mtaani atakuapia kabisa. Maneno yao umeshayasikia. Tuyapime kabla hujatoa hela.

"Megapikseli nyingi ndiyo picha nzuri." Uongo. Kuchapa picha ya ukubwa wa A4, kwa nukta 300 kila inchi, kunataka megapikseli 9 hivi. Televisheni ya 4K huonyesha 8 na kidogo. Canon EOS 300D ilipotoka mwaka 2003, DSLR ya kwanza kuuzwa chini ya dola 1,000, ilikuwa na 6 tu, na albamu za watu zilijaa. Siku hizi hata kamera ya bei ya chini huwa na 24, kwa hiyo muuzaji akianza kuzihesabu, mwache amalize, kisha muulize habari za lenzi.

"Lenzi kwanza, bodi baadaye." Kweli, na hapa wazee wa studio wapewe heshima yao. Lenzi ya 18-55 inayokuja na kamera, ukiivuta hadi mwisho, tundu lake hufunguka hadi f/5.6 tu. Lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8, ambayo ni kati ya lenzi za bei nafuu kabisa, huingiza mwanga karibu mara kumi ya huo. Maana yake ukumbini usiku, pale ambapo ya kwanza ingetaka sehemu ya kumi ya sekunde na bibi harusi atoke kama moshi, hii inamaliza kazi kwa sehemu ya mia. Ubaya wake ni kwamba kwenye kamera ya kihisi kidogo huona eneo finyu; sebuleni utarudi nyuma mpaka ugonge ukuta. Kwa hiyo ile 18-55 usiiuze. Tena lenzi hudumu: lenzi za EF ambazo Canon ilianza kuzitoa mwaka 1987 hufunga na kufanya kazi kwenye DSLR zake zote za EOS.

"Basi na Nikon ni hivyo hivyo, lenzi yoyote kamera yoyote." Uongo, na huu unauma mfukoni. Mdomo wa lenzi ni wa tangu 1959, lakini kamera za kuanzia, za familia ya D3000 na D5000, hazina mota ya kusogeza fokasi. Lenzi ya zamani ya AF itaingia vizuri tu, kisha utazungusha fokasi kwa mkono. Tafuta iliyoandikwa AF-S.

"Bila kihisi kikubwa cha milimita 36 kwa 24 unapoteza muda." Uongo kwa anayeanza. Kina eneo zaidi ya mara mbili ya kile kidogo na gizani husaidia kweli, ila bei za lenzi zake zitakufundisha adabu.

"DSLR zimekufa." Nusu kweli. Canon na Nikon wamehamishia nguvu zao kwenye kamera zisizo na kioo. Lakini kamera haiachi kupiga picha kwa sababu kiwanda kimehama. Kinachoshuka ni bei yake mkononi. Nikon D3500 ya mwaka 2018 imekadiriwa picha 1,550 kwa chaji moja, wakati nyingi za bila kioo huishia mia chache. Anayekwenda mahali umeme ni wa kubahatisha anaelewa.

"Iliyotumika ni mtego." Uongo, ukijua kukagua. Uliza shata imefyatuka mara ngapi. Bodi nyingi za kuanzia hukadiriwa 100,000 hivi.

"Joto la pwani hula lenzi." Kweli, ingawa mkosaji hasa ni unyevu, unaootesha kuvu ndani ya vioo. Ukinunua Dar, Mombasa au Unguja, fungua tundu la lenzi lote, mulika kwa tochi ya simu upande mmoja na uchungulie upande wa pili. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, irudishe kaunta, hata muuzaji akikupunguzia nusu ya bei.