Jasho na kipaji: Mizani inayowatatiza makocha wa soka

JIONI ya Mei 28, 2011, kikosi cha Manchester United kilipotangazwa ugani Wembley kwa fainali ya Klabu Bingwa Ulaya dhidi ya Barcelona, jina la mfungaji wao bora halikuwemo. Dimitar Berbatov hakuwa miongoni mwa wachezaji 11 wa kuanza, wala hakuwa miongoni mwa saba wa akiba.

Raia huyo wa Bulgaria alikuwa ametoka kumaliza msimu wa Ligi Kuu ya Uingereza akiwa na mabao 20, idadi iliyomwezesha kugawana kiatu cha dhahabu na Carlos Tevez wa Manchester City. Mnamo Septemba 2010 aliifunga Liverpool mabao matatu peke yake. Novemba akaitandika Blackburn Rovers matano katika mechi moja, kisha Januari 2011 Birmingham City nao wakaonja matatu. United walitawazwa mabingwa wa Uingereza kwa mara ya 19, na mchango wake katika ufanisi huo hauwezi kupuuzwa.

Hata hivyo, nafasi ya fowadi wa akiba usiku ule alipewa Michael Owen, ambaye naye hakuingia uwanjani hadi kipenga cha mwisho. Barcelona walishinda 3-1.

Inakuwaje mtu aongoze orodha ya wafungaji wa ligi nzima, halafu siku ya mechi kubwa kuliko zote akose hata kiti cha kusubiria? Swali hilo ndilo kiini cha ubishi usiokwisha miongoni mwa wapenzi wa kabumbu: je, mshambulizi athaminiwe kwa kipaji alichojaliwa, au kwa jasho analomwaga?

Waliomlaumu Berbatov walikuwa na jibu moja jepesi. Walisema hakimbii. Na kweli, ukimtazama ungedhani mwenzetu yumo matembezini. Mpira ulipopotea, hakuufukuzia kama mtu aliyeibiwa. Lakini mpira huo huo ulipomfikia kutoka angani, uliutua mguu wake ukatulia kimya, na beki aliyekuwa nyuma yake akabaki akitafuta umepitia wapi. Oktoba 2008, dhidi ya West Ham United, aliuzungusha kwenye mstari wa mwisho wa uwanja akampita James Collins katika nafasi isiyotosha hata kuweka kiti, kisha akammegea Cristiano Ronaldo pasi ya bao. Hilo hakuna mazoezi ya kukimbia milimani yanayoweza kulifundisha.

Ubaya wake ni kwamba alitua Old Trafford wakati mashabiki walikuwa tayari na kipenzi wa aina nyingine. Tevez, aliyekuwa hapo kwa mkopo tangu 2007, aliufukuza kila mpira, hata ule ambao kila mtu aliona wazi kwamba unatoka nje. United walipolipa pauni milioni 30.75 kumnunua Berbatov kutoka Tottenham Hotspur mnamo Septemba 2008, Tevez alianza kusugua benchi. Mashabiki waliimba wakitaka anunuliwe moja kwa moja. Haikuwa hivyo, 2009 alivuka mji akajiunga na Manchester City.

Si vigumu kuelewa kwa nini shabiki humpenda mchapakazi. Kipaji ni cha mwenyewe, na aliye jukwaani anajua fika kwamba hana. Bidii, kwa upande mwingine, ni kitu ambacho hata mlipa tiketi anaamini angeweza kukitoa iwapo angepewa jezi. Mchezaji anayekimbia humfanya mtazamaji ahisi kwamba pesa zake zimeheshimiwa. Ila kocha hachagui kikosi kwa hisia za aina hiyo, na sababu zake za kutaka mbio ni tofauti kabisa.

Soka ya kisasa humwona fowadi kama beki wa kwanza. Timu inapopoteza mpira karibu na lango la wapinzani, kuna sekunde chache ambazo aliyeunyakua bado hajainua kichwa kutazama wenzake walipo. Akibanwa papo hapo, atapiga mbele ovyo au atapokonywa akiwa mita 25 kutoka kwenye lango lake. Asipobanwa, atageuka, atapumua na kutoa pasi safi, na hapo wachezaji wote walio nyuma watalazimika kurudi mbio umbali wa nusu uwanja. Kwa hivyo, uvivu wa mtu mmoja mbele hulipiwa na watu wanne au watano nyuma. Fauka ya hayo, ubanaji huu ni kama ua: ukiacha pengo moja, mbuzi hawahangaiki na sehemu iliyozibwa.

Barcelona ya Pep Guardiola ilikuwa imeufanya utaratibu huo kuwa sheria. Pedro na David Villa, ambao pamoja na Lionel Messi waliifunga United usiku ule, walikuwa mafowadi wa kufukuzana na mabeki hadi kwenye vibendera vya kona. Dhidi ya timu iliyoweza kukaa na mpira dakika nzima bila kuguswa, Sir Alex Ferguson alimtumia Wayne Rooney, stadi asiyeona haya kurudi nyuma kukaba, pamoja na kijana Javier Hernández, ambaye kasi yake ya kupenya nyuma ya mabeki ilikuwa tishio. Mantiki ya kikosi cha kuanza inaeleweka. La benchi ni gumu kulitetea. Timu inayotafuta mabao mawili katika dakika 20 za mwisho haihitaji tena mtu wa kukaba. Inamhitaji mtu ambaye akipata nafasi moja hafanyi makosa.

Lakini pia neno "kukimbia" lina mitego yake. Mchezaji wa kawaida wa uwanjani hutimka kilomita 10 hivi katika mechi moja. Takwimu hiyo husomwa kwenye runinga kana kwamba ni alama za mtihani, ilhali haisemi alikimbilia wapi, wala saa ngapi. Anayemfukuzia kipa peke yake, wenzake wakiwa wamesimama, amejichosha bure. Kipa atampiga chenga kwa pasi moja fupi. Naye Filippo Inzaghi, aliyeifungia AC Milan mabao yote mawili katika fainali ya 2007 mjini Athens walipoilaza Liverpool 2-1, hakusifika kwa bidii wala kwa chenga. Kazi yake ilikuwa kuvizia kwenye mstari wa mabeki, akianza mbio, akisita, akirudi, akianza tena, mara nyingi akinaswa ameotea, hadi ile mara moja ambayo mshika kibendera hakuinua mkono. Je, huo ni uchapakazi au ni kipawa? Anayedai kuutenganisha mmoja na mwingine ana kazi ngumu.

Mfano ulio bora zaidi unatoka Afrika, na una Mkenya ndani yake.

Samuel Eto'o wa Cameroon aliifungia Barcelona mabao 30 ya ligi msimu wa 2008-09, akafunga bao la kwanza katika fainali ya Klabu Bingwa mjini Roma dhidi ya United, na klabu hiyo ikanyakua mataji matatu makuu. Licha ya hayo, kiangazi cha 2009 Barcelona walimpeleka Inter Milan, wakaongeza na takriban Euro milioni 46, ili wampate Zlatan Ibrahimović. Kwa maneno mengine, walimtoa mfungaji aliyekuwa pia mkabaji wao wa kwanza, wakachukua kipaji kirefu cha futi sita na zaidi ambacho kilitaka mpira ukifuate.

Aprili 28, 2010, wawili hao walikutana ugani Camp Nou katika mkondo wa pili wa nusu-fainali. Inter walikuwa wameshinda 3-1 nyumbani. Dakika ya 28, kiungo Thiago Motta alilishwa kadi nyekundu, na vijana wa José Mourinho wakabaki 10 wakiwa na zaidi ya saa nzima ya kuvumilia. Eto'o, mwanasoka bora wa Afrika mara tatu kufikia wakati huo, alirudi kucheza kama beki wa pembeni. Hakulalama wala hakuzembea. Alimkaba kila aliyepita upande wake, akateleza miguuni mwa watu aliokuwa akiwapa pasi mwaka mmoja uliotangulia. Ibrahimović naye aliondolewa baada ya saa moja ya mchezo, bila bao. Gerard Piqué aliifungia Barcelona dakika ya 84, na dakika mbili baadaye Mourinho akampumzisha Eto'o. Aliyeingia mahali pake alikuwa McDonald Mariga, kiungo wa Harambee Stars. Inter walipoteza 1-0 lakini wakafuzu kwa jumla ya mabao 3-2, kisha Mei 22 wakailaza Bayern Munich 2-0 jijini Madrid kwa mabao ya Diego Milito.

Tukitazama hesabu, gharama ya kazi ile inaonekana wazi. Eto'o aliyefunga 30 ligini akiwa Barcelona alifunga 12 pekee katika msimu wake wa kwanza wa ligi ya Italia. Mourinho alipoondoka na Eto'o akarejeshwa karibu na lango, alitikisa nyavu mara 37 katika mashindano yote ya msimu wa 2010-11. Kipaji hakikuwa kimepungua wala kuongezeka. Kilichobadilika ni mahali alipotumia pumzi zake. Mshambulizi anayerudi mita 60 kukaba hufika langoni akihema, na mguu wa mtu anayehema haulengi vizuri. Kocha anayemtaka fowadi wake akimbie lazima akubali kumlipa kwa mabao atakayoyakosa. Mourinho alikubali kwa sababu Milito alikuwepo wa kufunga. Bila Milito, pengine hesabu hiyo isingelipa.

Kadhalika kinyume chake ni kweli. Romário aliifungia Brazil mabao matano katika Kombe la Dunia la 1994 nchini Marekani bila kujisumbua sana na ukabaji, kwa sababu nyuma yake walikuwepo Dunga na Mauro Silva waliofanya kazi hiyo kwa niaba yake. Messi, akiwa na umri wa miaka 35, alitembea sehemu kubwa ya fainali za 2022 nchini Qatar. Akafunga mabao saba na kutajwa mchezaji bora. Argentina walianza kwa kuchapwa 2-1 na Saudi Arabia. Kuanzia mechi ya tatu, kocha Lionel Scaloni alimwanzisha Julián Álvarez, kijana wa miaka 22 mwenye mapafu ya farasi. Katika mechi dhidi ya Australia, Messi alifunga la kwanza kwa ufundi wake. La pili lilitokana na Rodrigo De Paul na Álvarez kumvamia kipa Mat Ryan miguuni, Álvarez akampokonya na kufunga. Mabao hayo mawili ya mechi moja yanaeleza mkataba mzima wa timu ile: mmoja apumzike, wengine wakimbie kwa ajili yake.

Mkataba kama huo hauwezi kutiwa sahihi na watu watatu kwa pamoja. Paris Saint-Germain waligundua hilo kwa gharama kubwa kati ya 2021 na 2023, walipokuwa na Messi, Neymar na Kylian Mbappé. Mara zote mbili waling'olewa katika hatua ya 16-bora ya Klabu Bingwa. Baada ya wote watatu kuondoka, kocha Luis Enrique alijenga safu ya mbele inayobana. Oktoba 2024 alimwacha Ousmane Dembélé nje ya safari ya kucheza na Arsenal akisisitiza kwamba wajibu kwa timu hauna mbadala. Mei 31, 2025 mjini Munich, Dembélé yule yule alionekana akiwa ameinama kwenye ukingo wa kisanduku kama mkimbiaji anayengoja mlio wa bastola, macho yakiwa kwa kipa Yann Sommer wa Inter kila alipotaka kuanzisha mpira. PSG walishinda 5-0. Hakufunga hata bao moja siku hiyo, lakini mwaka huo huo alituzwa Ballon d'Or.

Kwa mwalimu wa michezo katika shule zetu, mwenye vijana wawili na jezi moja namba tisa, visa hivi vinadokeza jambo. Uchapakazi unaweza kujengwa hata mchezaji akiwa na miaka 22 au 27, kama alivyofanyiwa Dembélé. Mguso wa kwanza wa mpira usipopatikana utotoni, ni nadra kupatikana baadaye. Kumwacha nje mvulana wa miaka 14 kwa sababu eti hakabi ni haraka isiyo na maana.

Berbatov mwenyewe hakuwahi kuwa mvivu mahali pote. Kule Tottenham alikuwa amecheza na Robbie Keane, aliyekuwa akizunguka huku na huko na kumwachia yeye kazi ya kuutuliza mpira, na wawili hao wakasaidia klabu hiyo kutwaa Kombe la Ligi mwaka 2008. Agosti 2012 aligura United akajiunga na Fulham, ambako kocha alikuwa Martin Jol, mtu aliyemfunza Tottenham na aliyejua asichopaswa kumwomba. Msimu wake wa kwanza pale alifunga mabao 15 ya ligi.