Mazuti yanaenda wapi? Mwendo, vitesi na gari ya koperative



Kila msimu wa kutoa viazi, swali moja linarudi katika koperative za Masisi na Rutshuru. Gari ni ile ile, njia ni ile ile, magunia ni yale yale, lakini shofere mmoja anarudi na mazuti bado kwenye tangi, na mwenzake anaomba bidoni ya kuongeza. Jibu la haraka ni kwamba huyu wa pili aliuzia kadhafi njiani. Inawezekana. Lakini kabla ya kumfukuza mtu kazi, tujue kwanza mguu na mkono wake vinaweza kula kiasi gani bila kuiba hata tone.

Neno moja hapa. Goma tunasema "vitesi" kwa mbio ya gari na pia kwa gia. Leo mbio tutaiita mwendo, na vitesi itakuwa ile ya kwanza, ya pili, ya tatu, ambayo shofere anaingiza kwa mkono.

Gari ikikimbia sana inakula sana, hilo kila mtu analijua. Sababu kubwa ni hewa. Ukienda mbio mara mbili, hewa haikuzuii mara mbili, inakuzuia mara nne. Kutoka kilomita 80 kwa saa mpaka 100, nguvu ya hewa inaongezeka kwa zaidi ya nusu. Kamio iliyopangwa mashu juu kuliko kabini, na turubai inapigapiga, inaumia zaidi. Lakini tuseme ukweli, ni wapi kwetu kamio yenye mzigo inakimbia 100? Kati ya Goma na Sake ni karibu kilomita 25. Anayeenda 80 badala ya 60 angepata dakika sita, kama barabara ingekuwa tupu. Na haiko tupu: kuna moto, chukudu, watoto, bariera.

Kwetu sisi mazuti mengi yanapotea kwenye freni. Iko hivi: ili gari yenye tani tatu ishike mwendo, moteri imechoma mafuta. Shofere akikanyaga freni mbele ya shimo, nguvu yote hiyo inageuka kuwa moto kwenye magurudumu, basi imekwisha, hairudi. Baada ya shimo anaanza kuinunua upya. Na hapa pia hesabu inakwenda kama ya hewa: kusimamisha gari inayoenda 60 kunatupa nguvu mara mbili na robo ya ile inayoenda 40. Kwenye njia ya mashimo, yule anayekimbia, anapiga freni, anakimbia tena, hafiki mapema sana, lakini amechoma mafuta ya watu wawili. Shofere mzuri anaangalia mbali. Akiona shimo ao watu, anaondoa mguu mapema na kuacha gari ipunguze yenyewe.

Sasa tuje kwenye vitesi, maana hapo ndipo mabishano yanakuwa makali. Kuna wanaoamini kwamba vitesi kubwa siku zote inapunguza mafuta. Kwenye barabara ya usawa ni kweli: ukibaki kwenye ya tatu wakati ya nne inatosha, moteri inazunguka bure na kujisugua yenyewe, na huo msuguano unalipwa kwa mazuti. Panda vitesi mapema, kabla moteri haijalia. Kwa moteri nyingi za mazuti, kati ya mizunguko 1,500 na 2,200 kwa dakika ndipo zinafanya kazi vizuri.

Lakini toka Sake upande milima ya Masisi, mambo yanageuka. Shofere anayeng'ang'ania ya tatu wakati gari inatetemeka na kutoa moshi mweusi hahifadhi kitu. Moshi ule mweusi ni mazuti ambayo hayakuungua vizuri, yaani pesa yenu inapanda angani. Goma iko kwenye mita 1,500 hivi, na hewa ya huku ni nyepesi karibu asilimia 15 kuliko ya Mombasa. Moteri isiyo na turbo inakosa hewa, kwa hiyo moshi unakuja haraka, na kadiri unavyopanda ndivyo inavyozidi. Dawa ni kuteremsha vitesi kabla ya mlima, mwendo ukiwa bado upo. Ukingoja mpaka gari imekufa katikati ya kilima, utaanzia ya kwanza, kwenye matope, na watu wamekaa juu ya magunia.

Mteremko ndio unatutia wasiwasi kuliko vyote. Kutoka Kibumba kushuka Goma, mashofere wengine wanatoa vitesi kabisa, gari inateleza yenyewe, wakisema wanachunga mafuta. Hawachungi. Kwenye moteri ya mazuti, ukiondoa mguu na vitesi ikiwa ndani, magurudumu ndiyo yanazungusha moteri, na pompa inakata mazuti. Ukitoa vitesi, moteri inabidi ichome mafuta ili isizimike. Na sasa mzigo wote unabebwa na freni peke yake. Zikipata moto sana hazishiki tena. Shuka na vitesi ile ile ambayo ungetumia kupanda mlima huo.

Kusimama nayo ni hasara. Gari ndogo ya mazuti inayonguruma wakati wa kupakia inaweza kula hadi litre moja hivi kwa saa, na kamio kubwa litre mbili ao tatu.

Je, mtajuaje kama ni mguu ao ni kadhafi? Pimeni. Jazeni tangi mpaka shingoni, andikeni kilomita. Gari ikirudi, jazeni tena mpaka shingoni, kwenye stesheni yenye pompa, maana bidoni haina kipimo cha kuaminika. Litre mlizoongeza, gawanya kwa kilomita, zidisha kwa 100. Mfano: litre 32 kwa kilomita 160 ni litre 20 kwa kila kilomita 100. Kama kiloma-mita imekufa, na kwenye gari zetu nyingi imekufa, linganisheni litre kwa safari ile ile yenye mzigo ule ule. Safari moja haitoshi, matope peke yake yanaweza kuharibu hesabu. Fanyeni tatu kwa kila shofere, na mara moja mwanachama akae kabini. Kama mtu akiwa peke yake gari inakula litre 45, na akiwa na shahidi inakula 38, hapo mna jambo la kuzungumza naye.

Akiokoa litre 5 kwa safari, safari mbili kwa juma, juma kumi za msimu, ni litre 100, bidoni tano. Koperative ikimrudishia sehemu ya pesa hiyo, sisi tunaona ni sawa. Kumlipa kwa idadi ya safari, hapana: mtakuwa mmemlipa akimbie.