Kipa akikosea, bosi afanye nini? Kagera Sugar walijibu

MWANZA. Ukikaa jukwaani CCM Kirumba siku Pamba Jiji ipo nyumbani, huna haja ya kuuliza kama kipa kakosea. Utasikia tu: "Kauza huyo!" Mpira haujatolewa hata nyavuni, hukumu imeshapita.

Shabiki kalipa kiingilio chake, mwache apige kelele. Balaa ni pale neno hilohilo linapotoka kwa kiongozi wa klabu, tena mbele ya vinasa sauti. Soka la Bongo linaujua mchezo huu: kipa kafungwa bao la kizembe, kesho yake kasimamishwa kupisha uchunguzi, na majibu ya uchunguzi hayaji. Anabaki na jina baya, timu inabaki bila kipa.

Muulize Juma Kaseja. Huyu ndiye aliyekuwa langoni Simba ilipoing'oa Zamalek kwa penalti jijini Cairo mwaka 2003. Miaka kumi baadaye alikuwa Yanga, na Desemba 21, 2013, katika mechi ya Nani Mtani Jembe, Simba ikashinda 3-1. Kaseja alikosea, hilo halina ubishi. Lawama zikamwangukia, kocha Ernie Brandts naye akaonyeshwa mlango. Baada ya hapo Kaseja akawa wa benchi zaidi kuliko wa langoni, na mwisho wakaachana kwa mgogoro wa mkataba. Wengi mtaani wakasema kaisha.

Aliyemfungua tena mlango wa Kanda ya Ziwa alikuwa Kagera Sugar, kule Bukoba, chini ya Mecky Mexime, beki wa zamani wa Taifa Stars. Hawakumsajili kwa kumhurumia. Walitaka kipa, wakampa glovu na kumwacha afanye kazi yake.

Mei 19, 2018, Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam. Simba tayari bingwa, haijapoteza hata mechi moja ya ligi msimu mzima, na Rais John Magufuli, mtoto wa Chato, yupo uwanjani kukabidhi kombe. Edward Christopher akaifungia Kagera Sugar dakika za mwishoni. Simba wakapata penalti. Akaenda Emmanuel Okwi, mtu aliyewahi kucheza na Kaseja Simba na Yanga pia. Kaseja akaidaka. Kagera 1, Simba 0.

Mikono ni ileile ya 2013. Kilichobadilika ni bosi.

Viongozi wetu husahau kwamba mchezaji ni mwajiriwa. Kanuni za utendaji bora katika ajira za mwaka 2007 zinasema kosa la kwanza halitoshi kumfukuza mtu kazi, isipokuwa liwe zito kiasi cha kufanya ajira isivumilike. Na kabla ya adhabu mtu asikilizwe. Kutema krosi hakujafika huko. Hujuma ni jambo jingine kabisa, ila hujuma inataka ushahidi, na hasira za bosi aliyefungwa na mtani si ushahidi.

Kocha anayejua kazi anaanza na maswali. Nani alirudisha pasi fupi? Mabeki walikuwa wapi? Kipa alipiga kelele, wakamsikia? Mara nyingi ukirudisha video unakuta kosa la kipa ni la tatu au la nne kwenye mnyororo, ila ndilo lililoonekana. Hayo yanasemwa ndani, milango imefungwa, na kwa ukali ikibidi. Mtu asidhani kumlinda mchezaji ni kumbembeleza. Ukimbembeleza atarudia. Ukimwanika naye ataacha kutoka langoni kuifuata krosi, maana akibaki kwenye mstari hakuna atakayemlaumu.

Pamba wanayajua maumivu haya. Waliporudi Ligi Kuu msimu wa 2024/25, baada ya zaidi ya miaka 20 nje, hawakufika mbali kabla ya kumwondoa Goran Kopunovic na kumleta Fred Felix Minziro. Walibaki ligini. Kagera Sugar, jirani zao wa ng'ambo ya ziwa, wakashuka msimu huohuo.

Kaseja? Septemba 8, 2019, akiwa na miaka 34, alisimama langoni Taifa Stars ilipocheza na Burundi kuwania kufuzu Kombe la Dunia. Ikafika penalti. Stars wakafunga tatu, Burundi hawakupata hata moja.