Mwezi Mpevu, Usipa na Pochi Moja

Siyo siri, nyumba nyingi za vijana siku hizi zinagombana kwa sababu ya hela ya mboga. Asubuhi yeye anaacha noti mezani, jioni anauliza chenji. Wewe unasema bei imepanda, yeye anakuangalia kama mtu anayefichwa kitu. Mimi na mume wangu tulikuwa hapo hapo, mpaka Jumamosi moja tulipoamua kushuka wote wawili kutoka Mbinga mjini hadi sokoni Mbamba Bay.

Ni kama kilomita 66 za lami, na njia yenyewe ni raha tupu. Unaacha baridi, mibuni na ngoro, yale mashimo ya Wamatengo ya kulimia kwenye miteremko, kisha Ziwa Nyasa linatokea kule chini, ng'ambo yake Malawi. Joto nalo linakupokea.

Tulifika saa moja asubuhi. Mitumbwi ilikuwa imeshavutwa mchangani. Akina mama wamepanga magege na mbasa kwenye mabeseni, pembeni mihogo mikavu, ndizi, nyungo, mikeka na vyungu. Nikamkabidhi mwenzangu pochi.

"Leo nunua wewe," nikamwambia.

Akajisogeza kwa mama mmoja mwenye usipa, wale samaki wadogo wa ziwa hili.

"Shikamoo mama. Sado bei gani?"

"Marahaba baba." Akataja bei.

Mume wangu akanigeukia. Ilikuwa bei ile ile niliyomtajia Jumatano, ile iliyotufanya tulale mzungu wa nne.

"Mbona ghali hivyo mama?"

"Baba, jana usiku hukuuona mwezi?"

Akatueleza taratibu. Usipa huvuliwa usiku kwa taa. Kukiwa na giza, samaki wanaufuata mwanga wa taa, wavuvi wanawazungushia nyavu. Mwezi ukiwa mpevu, ziwa zima linang'aa, samaki hawakusanyiki. Wavuvi wengine hata hawaingii ziwani. Mzigo unapungua, bei inapaa. Mvua nayo ikinyesha kabla usipa hawajakauka, wanaharibika. Mwezi ukififia, bei inashuka tena.

Mwenzangu alilipa bila kubishana. Mama akatutilia nyongeza ya kiganja kimoja.

Je, na wewe unataka kujaribu na mwenzi wako? Zingatia haya:

Wahini mapema. Samaki wazuri hawasubiri jua likali.

Kubalianeni kiasi kabla ya kutoka nyumbani, na anayelalamika kila siku ndiye ashike pochi.

Msalimie muuzaji kwanza, bei baadaye. Salamu inafungua mlango, na anayeheshimiwa hukueleza mengi.

Ukinunua chungu, kigonge kwa kidole. Kikilia vizuri, chukua. Kikitoa mlio kama kimepasuka, kirudishe. Mkabidhi mwenzako akipakate njiani, asikiweke kwenye buti!

Tulipokuwa tunapanda milima kurudi, mume wangu akasema, "Nilidhani unanificha. Nisamehe."

Ningeweza kuishia hapo, nionekane mshindi. Lakini chungu kilikuwa mapajani mwangu na ukweli ulikuwa umenikaba kooni. Nikamwambia kwamba zile wiki za giza, bei ikishuka, mimi sikuwahi kusema. Chenji niliiweka kimya kimya.

Hakucheka. Alinyamaza mpaka tukaanza kuona mashamba ya kahawa. Kisha akauliza, "Imefika shilingi ngapi?"

Nilimtajia yote. Jioni tulipika usipa kwenye chungu kipya, tukala kwa ugali wa muhogo, daftari likiwa katikati yetu. Siku hizi kila bei inaandikwa humo, ya juu na ya chini, na mara moja kwa mwezi tunateremka pamoja.

Mpenzi msomaji, mara ya mwisho wewe na mwenzi wako mlikwenda sokoni pamoja ilikuwa lini?