Uingereza: mlango wa umri kwenye tovuti za ngono

"Je, una miaka 18?" Kwa muda mrefu tovuti nyingi za ngono ziliuliza hivyo tu. Mtoto wa miaka 10 alibonyeza "ndiyo", akaingia. Uingereza imekataa mchezo huo. Tangu tarehe 25 Julai 2025, kufuatana na sheria ya mwaka 2023 juu ya usalama wa intaneti, tovuti inapaswa kuhakikisha umri kweli: mtu aonyeshe pasipoti, atumie kadi ya mkopo (credit card), au apige picha ya uso ili kompyuta ikadirie miaka yake. Tovuti inayokaidi inaweza kutozwa faini hadi pauni milioni 18, au asilimia 10 ya mapato yake ya dunia nzima, ile iliyo kubwa zaidi.

Wengine wanauliza, na si bure: nani atatunza nyuso na pasipoti hizo? Tena siku zile zile watu wengi walipakua VPN, programu inayofanya simu iliyo London ionekane kama iko nchi nyingine.

Ndugu wa Goma na Bukavu, mlango huo umewekwa kwa walio Uingereza. Tovuti inatambua nchi kwa anwani ya intaneti. Simu ya huku inaweza kuulizwa lile swali la zamani tu. Mzazi anayempa mtoto simu ili atulie wakati wa ibada, kwanza awashe SafeSearch katika mipangilio ya Google. Haifungi tovuti yenyewe, ila inaficha picha chafu mtoto anapotafuta kitu kingine.