Mazoea ya Mikono Si Jambo Dogo
Mwaka 1995 Windows 95 ilikuja na kitufe cha Start pembeni mwa skrini, chini kushoto. Kwa miaka 17 watu wakakibofya pasi na kufikiri. Oktoba 2012 ikatoka Windows 8, kitufe hakipo. Badala yake vigae vikubwa vilivyokusudiwa vidole zaidi kuliko kipanya. Karani mzoefu akatatizika hata kuizima kompyuta yake, akajiona mjinga ilhali ujuzi anao. Malalamiko yakazidi. Mwaka 2013 Microsoft ikakirudisha kitufe. Mwaka 2015, kwa Windows 10, menyu yake nayo ikarejea. Twasema: mazoea ni sehemu ya ujuzi wa mtu, anayetaka kuyabadili na ashauriane kwanza na mwenyewe.