Kani Ndani ya Lori la Mifugo: Mwendo na Kasi katika Njia ya Merti

Aghalabu fizikia huchukuliwa kuwa taaluma ya maabara, na Kiswahili hudhaniwa kukosa msamiati wa kuielezea. Dhana zote mbili hukanushwa na lori moja linalotoka Merti. Mji huu wa Kaunti ya Isiolo, ulio kando ya mto Ewaso Nyiro, una soko la mifugo, na kwa miaka mingi mbuzi, kondoo na ng'ombe wamesafirishwa kwa malori hadi Isiolo na hata Nairobi. Wanyama husimama sakafuni, nao abiria hukalia vyuma vilivyo juu yao.

Lori linapoondoka, wanyama huyumba kuelekea nyuma. Linapofunga breki, hurundikana mbele. Husemwa kuwa wamesukumwa, ilhali hakuna aliyewasukuma. Isaac Newton alieleza mwaka 1687 kwamba kitu hudumu katika hali yake, iwe ya utulivu au ya kwenda kwa kasi ileile katika mstari ulionyooka, hadi kani ije kuibadilisha. Sifa hiyo huitwa inesha. Breki hupunguza mwendo wa lori. Kwato, kwa sababu ya msuguano, huifuata sakafu. Kiwiliwili nacho huendelea na safari. Kwa hiyo sakafu iliyotandazwa mchanga humfaa mbuzi kuliko bati lililolowa mkojo.

Jambo linalostahili uzingativu zaidi ni kasi. Chukua lori linalokwenda kilomita 36 kwa saa, yaani mita 10 kwa sekunde, na changarawe inayoweza kulipunguzia mwendo kwa mita 5 kwa sekunde katika kila sekunde. Tangu breki zishike, litasimama baada ya mita 10. Likienda kilomita 72 kwa saa, umbali huo hauwi 20 bali 40, kwa kuwa umbali wa kusimama hukua kwa mraba wa kasi. Ongeza sekunde moja ambayo dereva huhitaji kumwona ngamia na kukanyaga breki: jumla ni mita 20 katika hali ya kwanza na mita 60 katika ya pili. Kasi imezidishwa mara mbili, hatari imezidishwa mara tatu.

Wapo wanaoshikilia kwamba lori lililosheheni hushika barabara vizuri zaidi. Rai hii ina ukweli nusu. Uzito huongeza msuguano, lakini tungamo ileile huongeza inesha kwa kiwango kilekile, na mawili hayo hufutana. Kinachobaki ni hasara tupu: breki hulazimika kumeza nishati nyingi zaidi, hupata moto, na hulegea.

Penye kona, hesabu ni kali zaidi. Katika kona ambayo nusu kipenyo chake ni mita 50, lori la kilomita 36 kwa saa huhitaji mchapuko wa mita 2 kwa sekunde kila sekunde kuelekea ndani ya kona. Kwa kilomita 72 huhitaji 8. Changarawe iliyotajwa haiwezi kutoa zaidi ya 5, basi lori huteleza nje ya njia. Gurudumu likikwama kwenye jiwe au mfuo wakati huo, lori hupinduka, na hupinduka kwa urahisi zaidi kadiri kitovu cha uzito wake kinavyokuwa juu. Ng'ombe waliosimama hukiinua kitovu hicho. Watu walioketi juu yao hukiinua zaidi.

Istilahi zinazohitajika kuyafafanua haya si ngeni: Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI ilitoka mwaka 1990. Hata hivyo abiria wa Merti aliyepanda juu hujua inesha kwa mwili kabla ya kuisoma. Mbuzi aliye chini ana wenzake wa kumzuia pande zote. Yeye, lori likiyumba, hana msuguano wa kumshika ila wa viganja vyake juu ya chuma.